Usingoje Giza Liingie: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayeugua Kitui na Makueni

Jioni hostelini swali ni lile lile: niende hospitali sasa, au nilale kwanza nione kutakuchaje? Anayesoma katikati ya Nairobi akikosea kujibu, kosa lake hurekebishika hata saa nane za usiku kwa kuita teksi. Anayesoma katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ndani kabisa kutoka soko la Kwa Vonza kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, hana nafasi hiyo. Wala hana aliyepanga chumba cha bei nafuu nje ya mji wa Wote au Mwingi, mahali ambapo boda boda wa mwisho hulala mapema na barabara ya vumbi hukatwa na mto wa msimu mvua ikinyesha.

Ndiyo maana nakushauri uanze kwa kutazama saa kabla hujaanza kukisia ugonjwa. Jina la ugonjwa hulijui, na si kazi yako kulijua. Jiulize hivi: hali hii ikizidi maradufu usiku wa manane, nitafikaje hospitali, nitapelekwa na nani, na kwa pesa zipi? Kama huna jibu la kueleweka, ondoka kabla ya saa kumi jioni hata kama unahisi bado unaweza kuvumilia. Saa kumi bado kuna magari, maabara za vituo vidogo bado hazijafungwa, na kama kituo hicho hakitoshi, kuna muda wa kukupeleka kwingine kukiwa bado mchana.

Jambo la pili ni kutoamua peke yako. Mwenye homa kali hupoteza makadirio. Husema "niko sawa" huku hajakojoa tangu asubuhi. Mwambie mwenzako wa chumba mapema, ukiwa bado unaongea vizuri, kwamba hujisikii vyema, na umpe namba ya mzazi au mlezi wako. Wanafunzi wengi huogopa kuonekana wadhaifu au wasumbufu. Naona afadhali kumsumbua mtu saa kumi na mbili jioni kuliko kumwamsha saa tisa usiku ukiwa huwezi kusimama.

Mwenzako anaweza kuona nini

Ikiwa wewe ndiye unayelala kitanda cha pili, kuna mambo ya kuangalia ambayo hayahitaji kusomea uuguzi. Washa taa. Muulize leo ni siku gani na kesho ana somo gani la kwanza. Akijibu ovyo au akichukua muda mrefu kuelewa swali, hilo peke yake latosha kutafuta gari. Mwambie aketi na ainamishe kichwa hadi kidevu kiguse kifua. Mwenye homa na maumivu ya kichwa ambaye shingo imekakamaa na haikubali kuinama anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuua kwa muda wa saa chache. Kisha shika simu, fungua saa yenye sekunde, na uhesabu pumzi zake dakika nzima bila kumwambia unachofanya, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20. Zikifika 30, au kama hawezi kumaliza sentensi bila kutua apumue, aende sasa.

Mfinye ngozi ya nyuma ya mkono, uiachie. Ikichelewa kulala, maji mwilini yamepungua. Muulize alikojoa mara ya mwisho lini na mkojo ulikuwa na rangi gani. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au kutokojoa tangu asubuhi hadi jioni, ni dalili ambayo wagonjwa wenyewe huisahau kabisa kuitaja.

Yapo mengine yasiyosubiri asubuhi, yawe yamekuja mchana au usiku: kuzimia, kutukutika mwili mzima, maumivu ya kifua yanayobana, kutapika damu au kupata choo cheusi kinachonata, damu isiyokoma, madoa ya zambarau ya ngozi yanayojitokeza pamoja na homa, mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, au mdomo kwenda upande. Anayetukutika mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, wala usimtie kijiko mdomoni. Mwenye pumu ambaye inhela haimpi nafuu hatakiwi kusubiri dozi ya tatu au ya nne akiwa chumbani. Mwenye selimundu ambaye maumivu yake yamepita yale aliyoyazoea, au aliyepata homa, apelekwe hata kama yeye mwenyewe anasema ni yale yale ya siku zote.

Na aliyeanguka na boda akaamka akajipangusa vumbi, mtazame usiku huo wote. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika, au usingizi mzito usio wa kawaida huweza kuja saa kadhaa baadaye, damu ikiwa inavuja taratibu ndani ya fuvu. Usimwache alale chumba peke yake.

Homa

Homa ndiyo huwachanganya wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kitui na Makueni haziko katika maeneo ya malaria ya mwaka mzima kama kaunti za Ziwa Victoria au Pwani. Huku malaria huja kwa msimu, zaidi baada ya mvua. Mvua zinazotegemewa zaidi Ukambani ni za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na hizo huangukia katikati ya masomo. Kwa kuwa ugonjwa si wa kila siku, wenyeji wengi hawana kinga ya kutosha mwilini, na malaria ikiwapata huweza kuwalaza haraka. Upande mwingine kuna mwanafunzi aliyetoka likizo Kisumu, Busia au Kilifi. Vimelea hukaa mwilini siku saba hadi majuma kadhaa kabla ya homa kuanza, hivyo anaweza kuugua akiwa ameshasahau safari. Na yule aliyekulia kando ya ziwa asijivunie kuwa malaria ameizoea: kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali.

Kanuni ya homa ni rahisi: pimwa siku ile ile au kesho yake asubuhi. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone la damu ya kidole na majibu hutoka kwa takriban dakika 20. Usimeze dawa ya malaria iliyobaki kwa rafiki, na usianze dozi kabla ya kupimwa. Ukipimwa na kuandikiwa ile dawa ya mseto inayotolewa sana nchini, ni dozi sita kwa siku tatu, zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, zote ziishe hata kama siku ya pili umeamka na nguvu. Kipimo kikionyesha huna malaria na homa ikaendelea, rudi. Hapo ndipo wengi hukosea. Huona kwamba hawana malaria, hufurahi, hulala na homa hadi Ijumaa.

Homa ya matumbo nayo hutajwa mno. Wanafunzi wengi huambiwa wanayo kwa kipimo cha Widal peke yake, ambacho kikichukuliwa mara moja hakitoshi kuthibitisha, kwa sababu huweza kuonyesha alama kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyepata maambukizi mengine. Kama umepewa antibayotiki za homa ya matumbo mara mbili au tatu kwa mwaka na bado unaugua, muulize tabibu kwa heshima kama damu yako inaweza kuoteshwa maabara katika hospitali kubwa. Muulize pia kuhusu bruselosi ikiwa unakunywa maziwa yasiyochemshwa au ulisaidia mbuzi kuzaa nyumbani. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma huweza kuwa hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao mwanafunzi aliyetoka mbali huenda hajawahi kuusikia. Kala-azar imekuwapo Kitui kwa miongo mingi, hasa upande wa Mwingi na kaskazini yake kuelekea Tseikuru na Kyuso. Huenezwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu ambacho hujificha kwenye nyufa na vichuguu mchana na kuuma kuanzia jioni. Ishara zake ni homa iliyopita wiki mbili, kukonda, kuishiwa damu, na tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako bandama hukua. Isipotibiwa huua karibu kila inayempata. Ikitambuliwa hutibika, na kipo kipimo cha haraka cha damu. Ukiwa na homa ya wiki mbili, na ulifanya mazoezi ya uwandani huko au ndiko kwenu, taja jina la mahali. Tabibu wa Nairobi au Mombasa huenda asiufikirie ugonjwa huu usipomtajia.

Kikohozi cha wiki mbili nacho, hata bila damu, kipimwe kifua kikuu. Kupimwa na kutibiwa ni bure katika vituo vya serikali. Katika chumba cha watu wanne ambacho madirisha hufungwa kwa ajili ya vumbi, ugonjwa huo hauwi wa mtu mmoja.

Tumbo

Kuhara mara tatu nne baada ya kula kibandani hupita, mara nyingi ndani ya siku mbili au tatu, na dawa yake kuu ni maji na chumvi. Nunua pakiti za ORS uziweke chumbani mapema. Ni bei ndogo. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo, hata kama unatapika: subiri dakika kumi, anza tena. Maji ya mto, ya kisima cha mchangani au ya mkokoteni usiyojua yalikochotwa, yachemshe au yatie dawa, hata kama ni ya kupigia mswaki tu.

Nenda kituoni ukiona damu kwenye choo, homa pamoja na kuhara, kutapika kila unachokunywa, au ukizimia unaposimama. Kuhara maji matupu yaliyofifia kama maji ya mchele, mfululizo, kunaweza kuwa kipindupindu. Huko usisubiri hata saa moja, na waambie wa chumba chako wajilinde na watoe habari, maana maji mnayoyatumia ni yale yale.

Maumivu ya tumbo yana tabia zake. Yale yanayoanzia kitovuni, kisha baada ya saa kadhaa yakahamia chini upande wa kulia, yakizidi ukikohoa au gari likiruka shimo, huenda ni kidole tumbo. Usinywe dawa ya kuharisha wala kukanda tumbo. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na usile njiani. Kwa msichana ambaye siku zake zimechelewa, hata kama anaamini hana mimba, maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu au maumivu ya bega ni dharura. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka humwaga damu ndani bila kuonekana nje. Mwambie tabibu tarehe ya siku zako za mwisho bila aibu na bila kungoja kuulizwa. Na maumivu ya hedhi yanayokulaza kila mwezi na kukukosesha masomo yana tiba. Usiridhike kuambiwa ndivyo wanawake walivyo.

Hapa Ukambani lazima pia nitaje mahindi. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, wagonjwa 317 waliorodheshwa kuwa wamedhurika kwa sumukuvu, wengi wao katika wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota ukungu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwanafunzi anayeletewa gunia dogo na mzazi, au anayenunua muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, wa bei ya chini sana kwa mkupuo, ayachungue: yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu ya uvundo yasiliwe, wala yasipewe kuku. Macho yakiwa ya njano, mkojo mweusi, tumbo likiuma na miguu ikivimba, nenda siku hiyo hiyo, na ubebe konzi moja ya mahindi hayo. Kama wengine waliokula sufuria moja nao wanaugua, sema hivyo mlangoni kabla ya kitu kingine chochote.

Nyoka, mbwa

Njia kati ya darasa na vyumba vya kupanga hupita vichakani, na Kitui ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye majeraha mengi ya nyoka. Moma, ambaye wengine humwita bafe, hulala njiani na humuuma anayemkanyaga. Koboko huua haraka kwa kulegeza misuli ya kupumua. Swila huweza kumuuma mtu usingizini akiwa amelala chini sakafuni, na pia hutema sumu machoni. Tembea na tochi na viatu vilivyofunika mguu, na usilale chini ikiwa kuna namna nyingine.

Mtu akiumwa, mambo ya kutofanya ni mengi kuliko ya kufanya. Usimchanje, usimnyonye sumu, usimfunge kamba ya kukata damu, usimpake mafuta ya taa, usipoteze saa nzima ukitafuta jiwe jeusi linalodaiwa kuvuta sumu. Mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Mnyooshe mguu ulioumwa juu ya ubao au mpini wa ufagio, uufunge kwa leso juu na chini ya kidonda, si kwa kubana bali kwa kuutuliza, na mbebe. Kutembea huharakisha sumu. Tia alama kwa kalamu pale uvimbe ulipofika na uandike saa. Tabibu ataitazama alama hiyo kuliko maelezo yako yote. Ukiweza kumpiga nyoka picha ukiwa mbali, vizuri. Kumfukuza ili umuue ni kutafuta majeruhi wa pili. Sumu iliyotemewa machoni isafishwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Si kila kituo kina dawa ya kuua sumu ya nyoka. Wakati gari linatafutwa, mwenzako mmoja apige simu hospitali kuuliza: ya rufaa mjini Kitui, ya Mwingi, ya misheni ya Mutomo, ya rufaa ya Makueni pale Wote, au ya Makindu kwenye barabara ya Mombasa, kulingana na mlipo. Dakika tano za simu huokoa safari ya kwenda mahali pasipo na dawa. Hata asiye na uvimbe akae chini ya uangalizi, kwa sababu sumu nyingine hujionyesha baada ya saa nyingi.

Mbwa akikuuma, au akilamba kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda ukadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na chanjo ikiwahi huuzuia. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanzisha mkakati wa kitaifa wa 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, na kampeni za kuchanja mbwa zimefanyika, lakini mbwa wa sokoni hatembei na cheti. Chanjo ni dozi kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Wengi huacha baada ya ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda na virusi ni mambo mawili.

Saa 72

Ukibakwa au kulazimishwa kingono, awe ni mgeni au ni mpenzi, nenda hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kubadili nguo, na ukibadili, zifunge kwenye mfuko wa karatasi. Lengo ni kufika kabla ya saa 72 kuisha. Ndani ya muda huo hutolewa dawa za kuzuia HIV, zinazomezwa kwa siku 28, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hutolewa pia dawa ya kuzuia mimba na ya magonjwa ya zinaa, na fomu ya uchunguzi hujazwa. Hulazimiki kupita kituo cha polisi kwanza ndipo utibiwe. Namba 1195 hupokea simu bila malipo saa zote. Hata ikiwa saa 72 zimepita, nenda. Yako mengi bado ya kufanywa.

Kondomu ikipasuka, saa ni hizo hizo. Kidonge cha dharura hufaa zaidi kikiwahi, na hakizuii HIV. Dawa za kuzuia HIV hupatikana bure katika hospitali za serikali, na mhudumu hana haki ya kukuhubiria kabla ya kukupa.

Yanayoumiza bila kidonda

Kukosa usingizi wiki ya mitihani ni jambo la kawaida. Wiki mbili za kutokula, kutotoka kitandani, kulia bila sababu au kutoona maana ya kuendelea ni ugonjwa kama mwingine, na mshauri wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti ndiyo mahali pake. Mwenzako akisema angependa afe, muulize waziwazi kama amefikiria namna. Swali hilo halimpandikizii wazo. Kaa naye, ondoa dawa na sumu za wadudu chumbani, mpigie mshauri au namba 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Aliyemeza dawa nyingi apelekwe hospitali hata kama anatembea na kucheka. Parasetamo ikizidi huliharibu ini kimyakimya, na dalili huja siku ya pili au ya tatu, wakati dawa ya kuizuia imeshapungua nguvu. Aliyekunywa sumu ya wadudu au ya panya asitapishwe wala asinyweshwe maziwa; beba chupa yenyewe. Baadhi ya wanafunzi wamewahi kuficha rafiki kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ilikuwa ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Mpeleke.

Unayoweza kujitibu

Mafua, kikohozi chepesi na koo linalowasha bila homa kali hupona vyenyewe kwa wiki moja au siku kumi hivi. Antibayotiki hazisaidii mafua. Vidonge vya parasetamo vya miligramu 500 visizidi vinane kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua za dukani tayari zina parasetamo ndani. Dawa kali za maumivu zimezwe baada ya chakula. Mwanafunzi anayeishi kwa chai na chapati moja na kumeza diklofenaki kila siku anajitafutia vidonda vya tumbo. Mkiamka nyote chumbani na kichwa kinauma, na usiku mliacha jiko la makaa ndani, tokeni nje haraka: hiyo ni hewa ya sumu.

Dukani kwa mwenye dawa usiseme "nipe ya typhoid". Eleza dalili, na akikuambia uende ukapimwe, amekutendea haki.

Wapi, kwa pesa zipi

Kwa jambo lisilo la dharura anzia zahanati ya chuo. Tazama karatasi yako ya karo: vyuo vingi hutoza ada ya matibabu, yaani umeshailipia. Kisha zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Jisajili ukiwa mzima, kwa *147# au kituoni, kwa kitambulisho chako. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali bila kulipa. Kulazwa na upasuaji huhitaji mchango uliolipwa, kwa hiyo waulize wazazi wiki hii, si siku ya kulazwa, kama wamelipa na kama umeandikwa kuwa mtegemezi wao. Kama chuo chako kiko Kitui na wazazi wako Bungoma, usajili ni wa kitaifa.

Kwa dharura nenda hospitali kubwa moja kwa moja. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo ukosefu wa pesa usikufanye ubaki kitandani. Mambo ya malipo yatazungumzwa ukishatulizwa. Weka simuni leo namba ya mlinzi wa geti, ya mlezi wa hosteli, ya zahanati, ya dereva mmoja na ya boda mmoja unayemwamini, na zile za dharura, 999 na 112. Zinakiliwe pia kwenye karatasi nyuma ya mlango, maana simu ya mgonjwa huwa imezima chaji au ina neno la siri asilolijua mtu.

Ukifika, sema kwa ufupi: ilianza lini, imeongezeka vipi, ulisafiri wapi mwezi uliopita, umemeza nini tayari pamoja na za mitishamba, dawa gani hukudhuru, na kama waweza kuwa na mimba. Usifiche pombe, muguka wala vidonge vya rafiki. Kama Kikamba hukijui na mhudumu anakuelekeza kwa Kikamba, mwombe Kiswahili, hakuna atakayekasirika. Kabla ya kutoka, uliza maswali mawili: nirudi lini nisipopata nafuu, na nikiona dalili gani nirudi bila kusubiri siku hiyo.

Na kama ni wiki ya mitihani, omba barua ya ugonjwa siku ile ile unapotibiwa, yenye tarehe, mhuri na idadi ya siku za mapumziko. Ipige picha, kisha uipeleke ofisi ya mkuu wa idara na ya msajili wa masomo kabla ya karatasi ya mtihani kuanza, au aipeleke mwenzako ukiwa umelazwa. Barua ya kuletwa wiki mbili baadaye hupokelewa kwa shaka, lakini iliyowahi ndiyo hukupatia mtihani maalumu.